Picha Iliyokataa Kukauka

Nilijifunza kuchora kwa rangi za mafuta kwa sababu nilikuwa napiga pasi vizuri. Usicheke. Sista aliyenifundisha alisema mtu anayeweza kupitisha pasi ya mkaa juu ya kola ya padre bila kuacha doa ana mkono unaotii, na mkono wake yeye ulikuwa umeacha kumtii. Ulitetemeka hata akishika kijiko. Alikuwa mtawa mzee kutoka Ulaya, mrefu, mkali, macho yake yameanza kuingia ukungu, na padre wetu alikuwa amemwomba picha kubwa ya kutundika nyuma ya altare ya kanisa jipya kabla ya Pasaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimaliza la saba, nikakaa nyumbani, kisha nikapata kazi ya kufua nguo misheni hapo Karatu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita vimekwisha, maduka hayana kitu. Sabuni ilikuwa habari ya kuhadithiana. Magari ya watalii yaliyokuwa yakipita kupanda Ngorongoro yalipungua tangu mpaka wa Kenya ufungwe, na yaliyobaki yalipita bila kusimama, yakituachia vumbi letu wenyewe. Leo naandika mabango ya maduka na milango ya magari ya watalii palepale barabarani, na rangi yangu inakauka kabla mwenye gari hajamaliza chai. Watu huniuliza mbona sichori watu. Nami huwajibu kwamba watu hawatulii.

Sista alikuwa na karatasi moja aliyoikata kwenye kitabu, akaikunja mara nne na kutembea nayo miaka mingi ndani ya kitabu chake cha sala. Ilikuwa picha ya mchoraji mmoja wa kale wa huko kwao. Alinitajia jina lake mara nyingi na mimi nililisahau kwa makusudi, maana kila alipolitaja alinitazama kama vile mimi na huyo bwana tulikuwa tunagombea kazi. Wanaume wawili wanamshusha Bwana Yesu msalabani, mama yake amekaa chini amefungua mikono kumpokea. Basi. Watu wanne na giza. Kazi yangu ilikuwa kuichora upya, kila mtu awe na ukubwa wa mtu, mimi nikiwa mkono na yeye akiwa mdomo.

Tulianza na kitambaa. Tulishona amerikani, tukaikaza kwenye mbao, kisha Sista akanituma buchani nikaombe vipande vya ngozi ya ng'ombe. Tulivichemsha mchana kutwa mpaka vikawa gundi, misheni nzima ikanuka, tukachanganya na chokaa tukapaka. Mbwa wa padre alikuja akailamba kona moja na tukapaka tena. Rangi zenyewe zilikuwa unga ndani ya chupa za jamu. Unachukua kijiko cha unga, unaweka juu ya kioo, unatia mafuta ya mbegu za kitani kutoka kwenye kopo lililotoka Ulaya, unasaga na jiwe laini mpaka sauti ya mchanga iishe.

Mwezi mzima wa mwanzo sikugusa rangi. Nilichora kwa mkaa, na Sista alifuta. Alinipiga vidole kwa rula, mimi mtu mzima ambaye wenzangu walikuwa tayari wanabeba watoto mgongoni.

"Hilo ni jicho unalolijua," alisema. "Nataka jicho lililo hapo."

"Si jicho tu, Sista?"

"Siyo jicho. Ni kivuli, na kivuli kingine, na mstari mmoja mweupe. Chora unachoona, binti. Usichore unachojua."

Nilipoendelea kukosea aliigeuza karatasi kichwa chini, ili nisiwatambue watu nikaanza kuwaheshimu. Nilimchora Mama Maria miguu juu wiki mbili nzima, nikaona aibu, nikaenda kuungama. Padre alicheka kwenye kiti cha kitubio mpaka akakohoa. Lakini njia ile ilifaa. Siku moja niliona kivuli chini ya shavu kama kivuli tu, bila shavu, na mkono wangu ukakiweka mahali pake. Sista alisimama nyuma yangu muda mrefu, hakufuta. Nilifurahi kuliko siku niliyojua kusoma, na sitasema uongo, nilijiona mtu.

Tabaka la kwanza lilikuwa la kahawia, vivuli vitupu. La pili lilikuwa la kijani. Hapo niligoma, maana nani amewahi kuona mtu wa kijani? Sista alinieleza kwamba watu wa kale walipaka ngozi yote kwanza kwa kijani kilichochanganywa na kijivu, walio hai na waliokufa sawasawa. Juu yake ndipo wanaweka wekundu, manjano na weupe, kidogo kidogo, damu inarudi. Aliye hai unampa matabaka matano au sita mpaka apate joto. Aliyekufa unampa mawili tu, mepesi, kijani kiendelee kuonekana kwa chini. Lile la kijani aliliita tabaka la mauti. Alilitaja jina hilo kwa sauti ileile aliyotumia kutaja wanga wa kunyooshea nguo.

Tatizo letu lilikuwa mkunjo. Karatasi ilikunjwa miaka mingi mno, na pale ilipokunjwa wino ulibanduka. Wale wanaume wawili walikuwa wazima, na Mama Maria alikuwa mzima. Mkunjo ulimpitia Bwana mwenyewe: bega la kulia, mkono mzima unaoning'inia, ubavu, na nusu ya uso. Mahali pake palikuwa peupe tupu.

"Tafuta mwanamume mwembamba," Sista alisema, "anayeweza kulala bila kucheka."

Nilimfahamu mmoja. Kaka yangu alikuwa amerudi nyumbani kutoka mashamba ya kahawa ya Oldeani, hajaoa bado, na kifua kikuu kimemkalia. Alichomwa sindano miezi miwili, akajisikia nafuu, akaacha, kwa kuwa zahanati ilikuwa mbali na yeye alikuwa mbishi. Sasa mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa upande wa pili wa shamba. Nyumbani kwetu kulikuwa mwendo wa saa mbili kutoka misheni, njia ya Oldeani. Baba alikwisha kufa. Walikuwepo mama na kaka tu, na ng'ombe watano.

Nilikwenda na ubao na mkaa, nikamweleza kaka ninachotaka.

"Nilale tu?"

"Ulale, mkono uuache uning'inie, na usiongee."

"Mdogo wangu, hiyo ndiyo kazi niliyoitafuta maisha yangu yote."

Alivua shati akajilaza kwenye benchi uani, kichwa kimeanguka upande, mkono umegusa majani. Alifanya vizuri kupita kiasi. Nilikuwa nimefika kwenye kiwiko mama aliporudi na mzigo wa kuni. Hakuutua. Alisimama nao kichwani akituangalia.

"Inuka," alimwambia kaka. Kisha akanigeukia mimi. "Nani amekutuma umlaze mwanangu kama maiti uani kwangu? Mchana, Looa akitazama?"

Looa ni Mungu, na kwa lugha yetu ya Kiiraqw jua pia lina jina hilohilo.

"Ni picha ya kanisa, mama," nilisema. "Ya Bwana."

"Bwana alikuwa na mama yake. Huyu ni wangu. Mambo haya hayachezewi."

Kaka alivaa shati huku akinikonyeza. Mimi nilichukua ubao wangu, nikamwambia mama nimesikia, sitarudia. Na Jumapili tatu zilizofuata, wakati mama yuko kanisani, nilirudi nikamlaza tena kaka palepale kwenye benchi, nikamchora bega, ubavu na uso. Sitafuti pa kujificha. Nilimdanganya mama yangu kwa sababu mkono wa kaka ulikuwa mzuri. Jumapili ya tatu alikohoa damu katikati ya kazi, akajifuta na jani la mgomba, akajilaza tena akauliza kama mkono uko mahali pake. Nikamwambia ausogeze kidogo.

Kaka alikufa Januari. Walinitumia mtu misheni, nikafika kabla ya saa nne asubuhi. Alikuwa amelazwa kitandani, shuka mpaka kifuani, mkono wa kulia umewekwa juu ya shuka. Mama amekaa kwenye kigoda pembeni yake. Wanawake walikuwa wanalia mlangoni na mimi nilikuja nikijua nitalia kuliko wote.

Sikulia. Niliangalia. Midomo haikuwa nyeupe kama nilivyokusudia kuipaka. Ilikuwa na rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji. Chini ya jicho palikuwa na kijani halisi, Sista hakunidanganya. Kucha zilikuwa zambarau kwenye mizizi. Kichwani mwangu nilikuwa nachukua kijiko cha hiki na nusu kijiko cha kile, manjano ya udongo kidogo, nyeusi kama ncha ya sindano. Nilisogea ili nione mwanga wa dirisha unavyokata bega. Nilijua ninachofanya, na niliendelea.

"Unaangalia nini?" mama aliuliza.

"Namwangalia kaka."

"Hapana. Mimi ndiye ninayemwangalia kaka yako. Wewe unaangalia nini?"

Niliinamisha kichwa na machozi yakaja, lakini yalikuja yamechelewa, na mama aliliona hilo.

Kwetu, nyumba iliyofiwa na kijana ambaye hajaoa hufungwa. Tunaiita metimani. Mama hatoki nje ya shamba lake. Hachoti maji pamoja na wengine, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa jirani, na jirani akimwona kwa mbali anabadili njia. Chumvi na unga huachwa mpakani mwa shamba, kwenye jiwe, na anayeleta anaweza kusimama hapo akapaza sauti kumjulia hali, basi. Hali hiyo hudumu mpaka wazee waje kuiondoa, na safari ile walisema ni baada ya mavuno. Wakristo wengi walikuwa wameacha, au walisema wameacha. Padre aliyahubiri mambo hayo kila mwaka. Mama alikuwa Mkristo wa kweli, hakukosa Jumapili, lakini kwa hili hakutaka kusikia neno la padre wala la mtu yeyote. Alisema kifo kimeingia kwake na hatakibeba kukipeleka kwa watu.

Anayelala ndani ya nyumba ile anafungwa nayo. Nisingeweza kulala kwa mama na asubuhi kwenda kupiga pasi nguo za padre. Ilikuwa niwe ndani au nje, na baada ya maziko nilikaa siku tatu nikijitia hamnazo, nikifagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Siku ya nne mama aliniuliza mara moja tu.

"Unabaki?"

"Mama, picha ina haraka. Pasaka ni Aprili."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei sokoni asiyetaka kubishana. Aliingia ndani akatoka na chupa ya mafuta ya mbarika. Aliyatengeneza mwenyewe: alikaanga mbegu, akatwanga, akachemsha, akaengua mafuta juu. Kwetu yalikuwa mafuta ya ngozi, ya kulainishia mwili na ya kulainishia mavazi ya zamani ya ngozi aliyorithi kwa mama yake.

"Chukua," alisema. "Unapauka huko misheni."

Niliondoka. Njiani nilijiambia kwamba naifanya kwa ajili yake: atakapotoka baada ya mavuno atamkuta mwanawe ukutani, mzima wa ngozi, na watu wote wanampigia magoti. Nililirudia jambo hilo mpaka nikafika nikiwa naliamini.

Kwaresima ilipoanza Sista alishikwa na homa, akapelekwa hospitali Arusha. Nikabaki peke yangu chumbani na wale watu wanne. Wanaume wawili walikuwa tayari, na Mama Maria alikuwa tayari, na shavu lake lilikuwa na joto zuri. Bwana alikuwa bado katika kijani. Nilifungua kopo la mafuta ya kitani nikakuta limebaki la kulowesha kidole.

Padre aliandika barua Arusha. Jibu lilikuja kwamba hata mafuta ya kupikia watu wanapanga foleni tangu alfajiri, hayo ya kitani ndiyo nini? Nilikaa na lile kopo. Mafuta ya kitani yalikuwa ya manjano, mazito, yana harufu ya mbegu. Kwenye sanduku langu nilikuwa na mafuta ya mama: ya manjano, mazito, yana harufu ya mbegu. Mafuta ni mafuta, nilisema. Nilisaga rangi zote za ngozi kwa mafuta ya mama yangu, na zilisagika kwa ulaini ambao sijauona tena, zikang'aa kwenye kioo.

Kisha nilifanya kosa la pili, na hili sikulifanya kwa kutojua. Sista alisema aliyekufa anapewa matabaka mawili. Nilimpa sita. Kila siku nilikuta jana haijakauka, nikajiambia ni unyevu wa mvua za masika, nikapaka juu yake kwa brashi laini, kwa uvumilivu niliojifunza kwenye kola. Nilimpa wekundu wa midomo. Nilimpa damu kwenye kucha. Nilijua rangi yake halisi kuliko nilivyojua rangi yoyote, nilikuwa nimeisoma kitandani kwa macho yangu, na sikutaka hata chembe yake ionekane. Wale wanaume wawili waliokuwa wanamshusha walionekana wagonjwa mbele yake.

Pasaka ilifika, picha ikatundikwa. Ilikaa chini kiasi, kwa kuwa ukuta ulikuwa mfupi, uso wa Bwana ukawa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama kwenye ngazi ya altare. Kanisa lilijaa. Watu waliotoka njia ya kwetu walimtambua kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Niliona viwiko vinagusana. Mwanamke mmoja mzee, jirani yetu, alinishika mkono mlangoni, akaniangalia usoni, akaniachia. Nilijua habari itafika kwenye lile jiwe la mpakani kabla yangu, kwa sababu mimi sikuwa nimekanyaga huko tangu Januari. Kulikuwa na kazi, kisha kulikuwa na aibu, na kadiri miezi ilivyokwenda aibu ndiyo iliyobaki.

Sista alirudi mwezi wa tano, amekonda, anatembea na fimbo. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha. Hakuiangalia kwa macho, maana macho hayakumsaidia sana. Aliweka kidole kwenye mguu wa Bwana, akakinusa.

"Mbarika."

"Kopo liliisha, Sista. Itakauka lini?"

"Haikauki."

"Hata mwakani?"

"Binti, kuna mafuta yanayokauka na kuna yasiyokauka. Haya hayakauki hata tukifa sisi wote wawili." Alisogea karibu mpaka pua yake ikakaribia kugusa kifua cha Bwana. "Na umempa sita. Ni nani huyu?"

"Kaka yangu."

Alikaa kwenye benchi la mbele. Nilisubiri rula, na kweli ningeipokea kwa furaha. Hakunipiga wala kunigombeza. Aliniomba maji ya kunywa.

Kiangazi kikaja, na anayeijua Karatu anajua kiangazi chetu. Udongo mwekundu unapanda hewani mwezi wa sita na hautui mpaka mvua. Madirisha ya kanisa jipya yalikuwa hayajapata vioo. Vumbi liliingia likapita juu ya wale wanaume wawili bila kushika, likapita juu ya Mama Maria, likakaa juu ya Bwana peke yake. Mchana jua lilipompiga alilowa, na akina mama wa chama cha kanisa wakaanza kunong'ona kwamba Bwana anatoka jasho. Nzi walikuja. Kufikia Agosti alikuwa mwekundu kuanzia nywele mpaka unyayo, ana manyoya ya vumbi, na mama yake aliye safi amemfungulia mikono. Padre alitaka kumfunika na shuka. Nilijaribu kumpangusa na unyoya wa kuku, nikaharibu bega, nikaacha.

Mavuno yalipokwisha wazee waliiondoa ile hali nyumbani kwetu. Sikualikwa, na sikuuliza kwa nini. Siku mbili baadaye nilikuwa napiga pasi, mpishi wa misheni akaja mbio akasema mama yako yuko kanisani.

Nilimkuta amesimama kwenye ngazi ya altare, kichwa kimenyolewa, kanga mpya. Alikuwa amepungua. Miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi mpaka magotini. Nilimsalimu na hakuitikia, hakugeuka.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona mchafu?"

Nilianza kueleza habari za mafuta, za kopo, za Arusha. Aliniacha niseme. Huku mimi nasema, alivuta ncha ya kanga, akaitemea mate kama alivyokuwa akitufanya tukiwa wadogo kabla ya kuingia kanisani, akampangusa shavu.

Vumbi lilitoka. Kisha shavu likaanza kutoka.

"Mama, inabanduka! Mama, acha!"

Hakuacha. Alipangusa shavu, akapangusa paji la uso, akapangusa midomo, taratibu, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi hiyo. Wekundu wangu wote uliingia kwenye kanga, tabaka la sita, la tano, la nne, mpaka akafika kwenye kijani, kile kilichosagwa kwa mafuta ya Sista, kilichokauka barabara. Hicho hakikutoka. Hapo ndipo mkono wake uliposimama.

Tulimwangalia wote wawili. Alikuwa na midomo ya majivu na kijani chini ya jicho.

"Hivi ndivyo alivyokuwa," mama alisema. "Asubuhi ile."

Alinusa ncha ya kanga, akainusa tena.

"Haya ni mafuta yangu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikupa ujipake wewe."

Nilishindwa kumwangalia. Niliangalia miguu yake, lile vumbi.

"Kila Jumapili nilikaa karibu na jiwe," alisema. "Watu walikuja. Hata mke wa yule jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, alikuja akasimama, akaniuliza nimelalaje. Nilijua wewe ndani huingii. Nilifikiri utasimama hapo. Ungeweza kusimama."

"Nilikuwa namchora kaka, mama. Nilimchora kwa ajili yako. Ili umwone."

"Yeye alikuwa amekufa," mama alisema. "Mimi nilikuwa hai."

Alikunja kanga, doa likaingia ndani, akashuka ngazi kwa kushika ukuta. Nilimfuata. Tulipita mbele ya nyumba ya Sista, ambaye alikuwa mlangoni na fimbo yake, tukaingia barabara ya Oldeani, yeye mbele, mimi nyuma hatua kama kumi. Pasi niliiacha juu ya kanzu ya padre, na baadaye niliambiwa kanzu iliungua. Mama hakunikataza kumfuata. Kwa mwendo wote ule wa saa mbili hakugeuka hata mara moja kuona kama nipo.